Namba gani uweke kwenye AC msimu wa joto Tabora

Kwa mwenye haraka: weka 26, washa pangaboi mwendo wa kati, na panga AC ijizime yenyewe saa saba usiku. Kwa vyumba vingi vya Tabora mwezi wa tisa na wa kumi hilo linatosha, na uniti za LUKU utaona zinakaa. Asiye na haraka aendelee kusoma, maana chumba cha Cheyo chenye dari nzuri na kivuli cha mwembe si sawa na chumba cha Ipuli kilichoezekwa bati juzi bila mti hata mmoja uani. Namba inayomlaza huyu usingizi inaweza kumtesa yule.

Hiyo namba inafanya kazi gani

Rimoti nyingi zinaanzia 16 na kuishia 30. Mtu anaingia ndani saa tisa alasiri, jasho linamtiririka mgongoni, anabonyeza mshale wa chini mpaka 16 akiamini chumba kitapoa upesi kuliko akiweka 25. Hakipoi upesi. Namba ile inaiambia mashine isimame wapi, haiiambii ikimbie kiasi gani.

AC ya kawaida, isiyo ya inveta, ina kompresa (injini inayosukuma gesi ya kupoza) ya mwendo mmoja tu: ama iko kazini ama imezima. Uiwekee 16 au 25, dakika ishirini za mwanzo inafanya kazi ileile na kula umeme uleule. Tofauti inakuja baadaye. Iliyowekewa 25 ikifika 25 kompresa inazima, unabaki upepo wa feni ya ndani. Iliyowekewa 16, chini ya bati lililoshinda juani kutwa, haifiki 16 kabisa. Kompresa inaunguruma mpaka alfajiri, na wewe umejifunika blanketi mwezi wa kumi.

Inveta ni hadithi nyingine kidogo. Yenyewe hupunguza mwendo kadiri chumba kinavyoikaribia namba uliyoweka, ndiyo maana inasifiwa kwa kuokoa umeme. Lakini lazima uipe namba inayofikika. Ukiibana na 16 haipati nafasi ya kupunguza mwendo, na ile pesa ya ziada uliyolipa dukani kwa sababu ya neno inveta hairudi.

Kuna sababu ya pili, na hii ndiyo inayobeba hesabu yote. Joto huingia ndani kulingana na tofauti iliyopo kati ya nje na ndani. Nje kukiwa 33 na ndani ukitaka 20, tofauti ni nyuzi 13. Ukikubali 26, tofauti ni 7. Joto linalopenya ukutani na darini linapungua karibu nusu, na mashine haina kazi ya kulitoa tena. Kwa usiku wa Tabora mambo yanakuwa mazuri zaidi: nje kukishuka mpaka 23, chumba kilichowekewa 26 hakihitaji kompresa kabisa, bali kinahitaji dirisha.

Nchi zenye AC nyingi kuliko sisi zimelifikiria jambo hili kwa muda. India, idara ya serikali inayosimamia matumizi bora ya nishati hukadiria kwamba kila nyuzi moja unayopandisha inaokoa karibu asilimia 6 ya umeme wa AC, na tangu Januari 2020 AC za vyumba zinazouzwa kule hutakiwa kuanzia 24 pale unapoziwasha. Marekani, wizara ya nishati imewahi kuwashauri watu waweke 78 kwa vipimo vyao vya Fahrenheit, ambayo kwetu ni kama 25.6 (kwa hiyo rimoti yako ikionyesha 78 usishtuke, mtoto amebonyeza kitufe cha kubadili kipimo). Japani mwaka 2005 serikali ilianzisha kampeni ya kuweka ofisi kwenye 28, na wafanyakazi wakaruhusiwa kuvua koti na tai. Hispania mwaka 2022 ilikataza majengo ya umma kupoza chini ya 27. Huku kwetu mkubwa anavaa suti kamili kwenye nyuzi 18, na nje ya geti mama anauza maembe kwenye 32. Halafu kikao kinajadili kupunguza matumizi ya ofisi.

Hatua ya kwanza: lijue joto lako

Tabora iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200. Joto lake la kiangazi ni kavu. Oktoba mchana hufika 32 au 33, lakini alfajiri hushuka hadi karibu 20. Mwanzoni mwa mwezi huo jua la mchana hupita utosini kabisa, kwa hiyo linalopigwa zaidi ni bati, kisha ukuta wa magharibi kuanzia saa nane mpaka jua linapozama.

Jambo ambalo wengi hawalitilii maanani ni tofali. Nyumba zetu nyingi ni za matofali ya kuchoma au ya saruji, na tofali hunywa joto mchana kutwa na kulitapika usiku. Weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi saa mbili usiku, kwa ndani. Bado una moto. Nje watu wamekaa barazani wanapunga upepo, na ndani ya chumba kuna joto kuliko barazani. Mtu akiwasha AC saa hiyo madirisha yakiwa yamefungwa tangu asubuhi, analipia uniti kutoa joto ambalo dirisha lingelitoa bure.

Nunua kipimajoto kidogo cha ukutani. Usikitundike karibu na AC wala kwenye ukuta unaopigwa na jua. Kiweke usawa wa kitanda, kwenye stuli au kabati fupi. Kihisi joto cha AC kiko ndani ya mashine yenyewe, kule juu karibu na dari, na hewa ya juu ina joto kuliko ya chini. Mashine inaweza kudhani chumba ni 26 huku hapo ulipolaza kichwa ni 25 au 24. Ukijua tofauti hiyo hutapigana tena na rimoti. Soma kipimajoto saa tisa alasiri, saa mbili usiku na saa kumi na moja alfajiri kwa siku chache kabla hujabadilisha chochote.

Kisha nenda nyuma ya nyumba uangalie lile bomba jembamba linalotoa maji ya AC. Septemba Tabora, bomba hilo linadondosha tone moja moja, siku nyingine hakuna kitu. Maana yake hewa ni kavu, na karibu nguvu yote ya mashine inaenda kwenye kupoza. Mahali penye unyevu bomba linajaza ndoo, na kila lita inayotoka imekula uwezo wa kupoza wa karibu kilowati-saa 0.68. Kwa hiyo mkazi wa Tabora ana nafuu ambayo wa Dar es Salaam hana: 27 ya hewa kavu huvumilika vizuri, jasho linakauka lenyewe. Ukishuka hadi 20 kwenye hewa kavu namna hii unaamka midomo imepasuka, koo limekauka, na watoto wengine puani wanatoka damu.

Hatua ya pili: punguza kazi kabla hujawasha

Hapa sikawii. Kuanzia saa tatu asubuhi funga madirisha na mapazia ya upande wa jua. Pazia zito la rangi nyeupe au ya maziwa linafaa kuliko jeusi. Jua likizama fungua kila kitu, pande mbili zinazotazamana, wavu wa mbu ukiwa mzima. Acha hivyo mpaka saa tatu usiku, pangaboi likizunguka. Ndipo ufunge na kuwasha AC, kama bado unaihitaji. Kuna usiku hutaihitaji.

Chumba kisicho na dari usikifungie AC. Nimeona imefungwa chini ya bati tupu, mianya kati ya ukuta na paa inaingiza mjusi, na mwenye nyumba analalamika kwamba mashine ni feki. Mashine ni nzima. Inapoza mtaa mzima kwa LUKU ya mtu mmoja. Pesa hiyo ingeanza na dari. Nafasi ya chini ya mlango izibe kwa kitambaa kilichokunjwa.

Hatua ya tatu: tafuta namba yako

Usiku wa kwanza weka 26, pangaboi mwendo wa kati. Pangaboi hapa si pambo. Halipunguzi joto la chumba, linaondoa joto kwenye ngozi, na watu wengi wakiwa nalo huhisi vizuri kwenye joto lililozidi nyuzi 2 hivi. Linakula wati 50 mpaka 75. Kwa saa kumi ni kama nusu uniti (uniti moja ni kilowati-saa moja), au robo tatu ikizidi. AC inaweza kula kiasi hicho ndani ya dakika arobaini. Ndiyo sababu 26 yenye feni inashinda 24 isiyo na feni, kwa mwili na kwa mfuko.

Ukilala vizuri usiku wa kwanza, usiku wa pili panda hadi 27. Ukilala vizuri tena, jaribu 28. Utafika mahali utaamka saa nane usiku unageuza mto upande wa baridi. Rudi nyuzi moja. Hiyo ndiyo namba yako. Wengine wanaanza kinyume: wamezoea 20, wanarukia 26 usiku mmoja, wanateseka, wanasema ushauri ni wa watu wa maofisini. Aliyezoea 20 apande nyuzi moja kila baada ya usiku mbili. Mwili unazoea joto polepole, ukipewa muda.

Matatizo huanza wanapolala wawili.

"Baba watoto, humu kumekuwa friji."

"Mimi natoka jasho, we vuta shuka."

"Shuka lipi, umelikalia!"

Usuluhishi haupo kwenye rimoti. Mwenye kuhisi joto alale upande ule pangaboi linapompata moja kwa moja, bila shuka. Mwenye baridi apate shuka lake peke yake, na bawa la AC lielekezwe juu, sambamba na dari, lisipulize kitandani. Hewa baridi ni nzito, itashuka yenyewe. Namba ikae pale anapopata usingizi mwenye kuhisi baridi, kwa sababu kuvumilia nyuzi moja ya juu ukiwa na feni ni rahisi kuliko kulala umejikunyata.

Alama za rimoti nazo zina mchango. Theluji ni kupoza. Hiyo ndiyo ya kiangazi cha Tabora. Tone la maji ni kukausha hewa, nitalifikia nikisema ya Kigoma. Mapanga ya feni ni upepo mtupu bila kompresa. Jua ni kupasha joto, na kuna watu wamewahi kushinda chumbani na alama hiyo wakimlaumu fundi. Mwezi ni wa usiku: kwenye mashine nyingi namba hupanda yenyewe nyuzi moja baada ya saa moja, na nyingine baada ya hapo, kwa kuwa mwili uliolala hauhitaji ubaridi wa mwili uliotoka kazini. Ukitumia alama ya mwezi unaweza kuanzia 25 bila wasiwasi.

Hatua ya nne: muulize LUKU

Hisia zinadanganya, mita haidanganyi. Usiku mmoja lala bila AC: andika uniti zilizobaki saa tatu usiku, andika tena saa kumi na mbili asubuhi. Tofauti ni ya friji, taa ya nje na vikorokoro vingine. Usiku unaofuata fanya vilevile AC ikiwa 22. Unaofuata, 26. Toa ile hesabu ya usiku usio na AC, kinachobaki ni cha AC. Pasi na hita ya maji zisiguswe saa hizo, na ukiona mvua imenyesha ghafla usiku mmoja, usiuhesabu.

Sasa pesa. Kwa viwango vilivyopangwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati na maji, mteja wa daraja la kawaida, T1, alipangiwa shilingi 292 kwa uniti, na ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1 unafika kama shilingi 356. Kama unataka namba ya leo bila kubishana na mtu, chukua risiti yako ya mwisho, ondoa kodi ya jengo, gawa pesa kwa uniti.

Tuchukue AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) isiyo ya inveta, inayokula kilowati 1.1 kompresa ikiwa kazini (soma kibandiko cha pembeni, yako inaweza kuwa tofauti). Ikiunguruma bila kupumzika saa nane, kama inavyofanya ukiiwekea 16 au 18, ni uniti 8.8, sawa na shilingi 3,130 kwa usiku na kama 94,000 kwa mwezi. Ikiwa kwenye 26 na kompresa inafanya kazi nusu ya muda, ni uniti 4.4, karibu 47,000 kwa mwezi. Ukiizima baada ya saa nne, ni uniti 2.2 kwa usiku, yaani 23,500. Mashine ileile, chumba kilekile.

Walio kwenye D1 wasome hapa mara mbili. D1 ni daraja la matumizi madogo ya nyumbani, kwa viwango hivyo vya 2016 ni shilingi 100 kwa uniti kabla ya tozo, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka, uniti zinazozidi ni 350 kila moja. Uniti 75 kwa mwezi ni mbili na nusu kwa siku, na hata ile AC ya saa nne imeshakula 2.2. Kinachobaki hakitoshi friji. Ukiwa D1, AC ya kila usiku inakutoa kwenye daraja hilo, na hapo bei ya juu inagusa umeme wa nyumba nzima, si wa AC tu. Kwa mtu wa namna hiyo ushauri wangu ni mfupi: pangaboi, dari nzuri, na AC labda wiki mbili mbaya za Oktoba.

Hatua ya tano: panga saa, si namba tu

Nikilazimishwa kuchagua kati ya mtu anayeweka 24 kwa saa nne na anayeweka 27 kwa saa kumi na mbili, nitamchagua wa kwanza. Kwa Tabora saa zina uzito kuliko namba. Baada ya saa saba usiku hewa ya nje imeshapoa kuliko ya ndani, na kuendelea kufunga madirisha ni kukataa zawadi. Tumia kitufe chenye alama ya saa, iambie mashine ijizime saa saba. Aliyeamka kwenda msalani afungue dirisha. Kama usalama wa mtaa hauruhusu dirisha wazi usiku, fungua lile lenye nondo na wavu, hata kwa upana wa kiganja, na pangaboi livute hewa.

Kuna imani kwamba kuzima na kuwasha kunakula umeme zaidi kuliko kuiacha ikiwaka. Si kweli kwa chumba cha kulala au sebule. Kompresa inapoanza inavuta umeme mwingi kwa kitambo kifupi mno. Ukitoka kwa saa moja au zaidi, zima. Unaporudi washa, weka namba yako ya kawaida, ongeza mwendo wa feni ya ndani mpaka juu kwa robo saa. Hiyo ndiyo njia halali ya kuharakisha. Kushusha hadi 16 na kuahidi kwamba "nitapandisha baadaye" huishia kwa mtu kusinzia.

Umeme ukikatika na kurudi, zima AC kwanza na usubiri dakika tatu mpaka tano kabla ya kuwasha, ili mgandamizo wa gesi kwenye kompresa utulie. Mashine nyingi za sasa zinajisubirisha zenyewe, za zamani hapana. Mtaa wenye umeme mdogo jioni, taa zikififia watu wakiwasha majiko, unahitaji stebilaiza inayolingana na ukubwa wa AC. Ile ndogo ya televisheni itaungua.

Watoto wachanga, wazee, wagonjwa

Mtoto mchanga hawezi kujifunua akisikia joto wala kuvuta shuka akisikia baridi. Chumba chake kikae karibu na 25 au 26, upepo usimpige, mguse shingo au kifua kujua hali yake. Viganja vyake huwa vya baridi mara nyingi na havisemi kitu. Kwa mzee mambo hugeuka: anaweza kuwa amezidiwa na joto bila kuhisi kiu, tena ataomba AC izimwe kwa heshima ya LUKU yako. Usimwachie uamuzi huo mchana wa 33. "Bibi, kunywa maji, mimi nitaangalia umeme." Kwake uokoaji wa umeme unakuja wa pili.

Vumbi linaiba nyuzi zako

Kama mashine imewekewa 26 na baada ya saa moja kipimajoto bado kinasema 29, usikimbilie kushusha namba. Fungua mfuniko wa mbele, vuta kichujio. Kiangazi cha Tabora, kwenye barabara isiyo na lami, kichujio cha wiki tatu kinatoka kimevaa koti la vumbi jekundu, unaweza kuandika jina lako kwa kidole. Kioshe kwa maji na sabuni ya unga kidogo, kianikwe kivulini mpaka kikauke, kirudishwe. Kwenye vumbi na moshi wa Septemba fanya hivyo kila wiki mbili. Hewa isipopita, mashine inakula umeme na haipozi.

Ile mashine ya nje nayo inahitaji kupumua. Watu wanaijengea kizimba cha matofali kwa kuogopa wezi, halafu inavuta hewa yake yenyewe ya moto. Nondo zinatosha. Kivuli cha mti au kibanda kilicho wazi pande zote ni kizuri.

Na fundi akija, akagusa bomba, akasema "gesi imeisha", muulize imetokea wapi. Gesi ya AC haiishi kwa kutumika kama ya jikoni. Inazunguka humohumo miaka yote. Ikipungua, kuna mahali panavuja. Fundi anayejaza bila kutafuta panapovuja, mtaonana tena Oktoba ijayo.

Kama uko Kigoma

Usiinakili namba ya Tabora kama ilivyo. Kigoma iko chini zaidi, Ziwa Tanganyika lenyewe liko kwenye mwinuko wa karibu mita 770, na hewa ya Ujiji au Kibirizi ina unyevu. Joto la mchana linaweza kuwa dogo kuliko la Tabora, lakini mwili unanata, jasho halikauki, na usiku haupoi sana kwa sababu ziwa linatunza joto. Hapo tatizo ni maji yaliyomo hewani kuliko nyuzi.

Anza na alama ya tone la maji, namba ikiwa 26. Mashine itakausha hewa kwa feni ya taratibu, na mara nyingi utashangaa 26 iliyokauka inavyopumzisha kuliko 23 yenye unyevu. Isipotosha, rudi kwenye theluji na 25. Usifungue dirisha saa saba usiku kwa mazoea ya Tabora bila kupima kwanza. Hewa ya nje yenye unyevu itaingia na kazi yote ya kukausha itapotea. Ukifungua, fungua upande wa milimani: mchana upepo hutoka ziwani, usiku hugeuka na kushuka kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Ndoo chini ya lile bomba itajaa, na maji hayo yanafaa kudekia au kumwagilia bustani, si kunywa.

Mvua zikianza Tabora

Novemba mvua zikifika, hewa ya Tabora inabadilika na kusogea kuelekea hali ya Kigoma. Bomba litaanza kudondosha. Mchana joto hushuka, na wengi wanaendelea na namba ya Oktoba kwa mazoea. Hapo jaribu tone la maji kwenye 26 au 27 kwa saa moja ya jioni tu, kisha pangaboi peke yake. Radi zikianza kupiga, zima AC kwenye brekari yake, si kwenye rimoti. Rimoti inailaza tu, bado imeungwa kwenye umeme.

Juni na Julai, usiku ukishuka hadi karibu 15, AC haina kazi. Zima brekari, osha vichujio vikauke, virudishe, toa betri kwenye rimoti zisivuje. Katikati ya Agosti iwashe dakika kumi ukiwa na muda, usikie kama inaunguruma sawasawa, kabla mafundi wote wa mji hawajashikwa na wateja.